Moto wa samadi uliozimika Masukulu

Ambindwile Mwaisaka anainama juu ya shimo la kuchanganyia samadi, anafungua dumu la lita ishirini na kumimina tope jeusi polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Mvua ya asubuhi imelowesha kofia yake. Hajali. Masikio yake yako jikoni, kwenye geji iliyofungwa ukutani juu ya jiko la gesi.

"Imepanda?" anauliza.

"Imekaa pale pale, fundi," anajibu Sekela Mwakalobo kutoka ndani. Kisha anakohoa.

Leo ni Jumatano. Jumamosi, kaya tisa za kijiji hiki cha Kata ya Masukulu, wilayani Rungwe, zitakuja kuutazama mtambo wa biogesi wa Sekela na kuamua kama nazo zijenge. Mtambo huo haujatoa moto kwa siku kumi na moja.

Ambindwile, mwenye umri wa miaka 58, alikuwa fundi wa tofali mjini Tukuyu kabla ya kusomea ujenzi wa mitambo hii, miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo amejenga 41. Kila mtambo humpa ujira wa shilingi laki tatu, na kwa ujira huo amesomesha binti zake wawili.

"Sijawahi kuzimikiwa na mtambo kabla ya huu," anasema. "Watu walikuwa wanasema, ukijengewa na Ambindwile umelala usingizi. Sasa mimi mwenyewe silali."

Sekela, mjane wa miaka 63 ambaye majirani humwita Mama Lugano, ndiye wa kwanza kijijini kujengewa. Kabla ya hapo alipikia mafiga kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikwenda kutafuta kuni mara tatu kwa wiki, na kila safari ilimla nusu siku. Kifua kilimpeleka zahanati karibu kila mwezi.

Kwa miaka miwili ya gesi, anasema, amekwenda zahanati mara moja tu, tena kwa ajili ya goti.

"Nilirudi kwaya," anaeleza. "Zamani nikiimba ubeti mmoja napumua kama mbuzi aliyefukuzwa. Halafu tope linalotoka kwenye mtambo naweka migombani. Nenda ukaone mikungu. Siku hizi wananiuliza nimeweka dawa gani."

Neno dawa linamgutusha. Anamtazama fundi, fundi anatazama dumu lake.

Gesi ilipokatika, Ambindwile alishinda siku mbili akipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, akitafuta mahali panapovuja. Hakuna kiungo kilichotoa mapovu. Akafukua udongo juu ya kuba la mtambo lililofukiwa ardhini, akakagua saruji kwa vidole. Hakuna ufa.

Siku ya tatu aliketi mlangoni mwa banda la ng'ombe. Sakafu ilikuwa safi mno. Ndipo akauliza.

"Mama Lugano, ng'ombe uliwanyunyizia lini dawa ya kupe?"

"Siku ile tuliyoambiwa wageni watakuja. Nikasema wasikute ng'ombe wana kupe kama maharage. Nikanyunyizia wote watatu, nikasugua sakafu mpaka ikang'aa."

"Na maji uliyosugulia yalikwenda wapi?"

Sekela alinyoosha mkono kwenye shimo la mtambo.

Ambindwile anakumbuka kwamba alitaka kufoka. Kabla hajafungua mdomo, mama huyo alimwambia, "Si wewe uliyesema kila kinachotoka bandani kiingie humu?"

Ni kweli. Ndivyo alivyosema siku ya kumkabidhi, na ndivyo anavyosema kila anapokabidhi.

"Ndani ya mtambo kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho," anaeleza. "Wao ndio wanaokula samadi na kutoa gesi. Dawa ya kupe haichagui mdudu. Huyu mama hana kosa. Alifanya usafi, kama alivyolelewa. Mimi ndiye niliyemwambia nusu ya maneno."

Tangu siku hiyo ametoa nusu ya tope lililoharibika na kulitupa mbali na migomba. Kila baada ya siku moja hupanda pikipiki hadi Igogwe, kwenye mtambo mwingine aliojenga, na kurudi na madumu mawili ya tope lenye uhai, kama mbegu. Nauli anatoa mfukoni mwake. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu, na hadi Jumamosi zitakuwa zimetimia siku kumi na mbili.

Wakati huo Sekela amerudi kwenye mafiga, na kikohozi kimerudi pamoja na moshi.

Ambindwile akiwa bado anaosha madumu, anaingia Zuber, mnunuzi wa ndizi anayezipeleka Kiwira. Ana ng'ombe wawili na yumo katika zile kaya tisa.

"Fundi, bado unatafuta gesi? Gesi iko Mtwara, bwana, si Masukulu!"

"Karibu, Zuber."

"Mimi nilishaanza kukusanya mawe ya msingi. Sasa nijengee nini, kaburi la samadi?"

Ambindwile anaweka dumu chini. Anaokota kipande cha mkaa na kuandika kwenye ukuta wa banda kwa herufi kubwa: SIKU YA DAWA, ZIBA SHIMO. Anapanga kurudi kwa wateja wake wengine 40 kuandika maneno hayo hayo.

Zuber anasoma. Tabasamu linamtoka. "Kumbe kuna mtu alikosea."

"Ni mimi," anasema Ambindwile. "Na Jumamosi nitasema mbele ya wote, moto uwepo au usiwepo."

"Fundi!" Sekela anaita kutoka jikoni. "Njoo uone. Mshale kama umejongea."

Wanaingia wote watatu. Mshale umepanda upana wa ukucha. Sekela ananyoosha mkono kuchukua kiberiti, fundi anamzuia.

"Bado. Ni kidogo mno, tukikiunguza leo tutakuwa tumekila. Kiache kikue."

Zuber anaitazama geji kwa muda, kisha anamtazama Sekela, anayekohoa akiwa ameshika nguzo ya mlango.

"Jumamosi nitakuja," anasema. "Ila nitakuja na kiberiti changu mwenyewe."

"Njoo nacho," anajibu Ambindwile. "Uwashe wewe."