Kufuli la Bwana Maji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nashikwa na hasira. Siku hiyo nilimwona bibi mwenye umri wa mama yangu amesimama juani mbele ya geti la chuma, ndoo tupu mkononi, akizuiwa kuteka maji kwenye kisima alichokitumia tangu akiwa mtoto. Na aliyemzuia alikuwa mtu niliyempenda. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nakusimulia haya kwa sababu wiki iliyopita, nilipokuja kwako Biharamulo kupimwa macho, ulinionyesha video kwenye simu yako. Mzungu mstaafu ameketi barazani kwake kisiwani, bahari iko nyuma yake, anasema sasa amepata amani kwa sababu hakuna mtu anayemsumbua. Ukaniambia, "Baba, na mimi nikistaafu nataka hivyo hivyo. Kisiwa changu, bahari yangu, mtu asinigongee mlango." Hujaanza hata kazi, tayari unataka kustaafu! Wenzako wakacheka. Mimi sikucheka, na ukaniuliza kama macho yananiuma. Hayakuwa macho, mwanangu. Niliwahi kuishi barazani pa namna hiyo. Nilipika pale. Basi tulia nikwambie yaliyoko nyuma ya ile video.

Wakimbizi walipojaa kambi ya Lukole, hapa kwetu Ngara, mimi nilikuwa kijana, mama yenu nimemuoa karibuni. Nilitoka hapa Murusagamba nikaenda kutafuta kazi, nikapata ya upishi katika kambi ya wageni waliokuja kusaidia. Huko nilijifunza kuoka mkate, kupika supu zao nzito, na kutotia pilipili. Miongoni mwa wageni hao alikuwepo mtaalamu wa maji, mrefu, mwembamba, ambaye watu walimwita Bwana Maji. Jina lake halisi wengi hawakulijua. Mkewe, Mama Lena, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo.

Sikiliza nikwambie alivyokuwa mtu yule. Alirudi jioni amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alikula amesimama. Kiswahili alijifunza kwa mafundi wake, ndiyo maana aliongea kama sisi, "r" na "l" zikipishana mdomoni. Siku moja walinzi waliwafukuza akina mama wa vijiji vya jirani, watu wetu wa Ngara, waliokuja kuteka maji kwenye mabomba ya wakimbizi. Bwana Maji alishuka kwenye gari kabla halijasimama. Aliwafokea walinzi mbele za watu: "Mtu mwenye ndoo haulizwi anatoka wapi! Muacheni ateke!" Nilikuwa nimebeba kapu la vitunguu, nikaliweka chini nikasikiliza. Kijana wa miaka yangu alikuwa anatafuta mtu wa kumfuata, na mimi nilikuwa nimempata.

Kambi zikafungwa, wageni wakaondoka. Nilirudi kwenye migomba yangu. Miaka ikapita, ndipo simu ikaja. Bwana Maji na Mama Lena walikuwa wamestaafu, wamekodi kiwanja Unguja, wamejenga nyumba karibu na ufuo. Walitaka mpishi wanayemjua. Mama yenu alisema nenda, watoto wanakwenda shule. Nikapanda basi, nikavuka nchi nzima, nikavuka na bahari.

Ilikuwa nyumba nzuri, sitaki kusema uongo. Vyumba vyenye upepo, bustani ya majani mabichi, na bwawa la kuogelea ingawa bahari iko pale pale. Jirani walikaa wastaafu wengine wa kigeni. Kila Ijumaa walikutana barazani kwetu, nami niliwaandalia samaki na vinywaji. Nilidhani nitasikia hadithi za maisha marefu. Nilichosikia ni malalamiko. Umeme umekatika. Mchwa wamekula dirisha. Kibali cha kuishi kinachelewa. Mfanyakazi hakuja kazini. Mmoja, rubani mstaafu waliyemwita Kapteni, alikuwa na miaka mingi kisiwani, lakini bado alimwita mwanamke aliyemfulia nguo "yule msichana," na yule mama alikuwa na wajukuu.

Na upweke, mwanangu! Video haionyeshi upweke. Asubuhi wanaogelea. Mchana wanalala. Saa kumi wanafungua chupa ya kwanza, kwa sababu hakuna jambo jingine linalowangoja. Mama Lena alikuwa anafuma masweta ya wajukuu wake, katika joto lile jasho likimdondoka kwenye uzi. Wajukuu walikuwa waje likizo. Likizo ilikuja, wao hawakuja. Akaanza sweta jingine, kubwa kidogo, maana watoto hukua.

Sasa ndani ya kiwanja kile, pembeni, kulikuwa na kisima cha kijiji. Maji yake yalikuwa matamu, wakati visima vingine vya karibu vilishaanza kuwa na chumvi. Dalali aliyewakodishia kiwanja aliwaambia kisima ni chao. Lakini mwanzoni Bwana Maji hakumzuia mtu. Wanawake waliingia alfajiri, wakateka, wakasalimia, wakaenda zao. Mkubwa wao alikuwa Bi Zuwena, mjane, mwenye sauti ya chini na mgongo ulionyooka. Mwezi wa Ramadhani alituletea futari, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, ingawa alijua sisi hatufungi. Mama Lena alimpenda. Walikaa jikoni kwangu, mmoja akifuma, mwingine akisuka ukili wa mikeka, na maneno yao hayakuwa mengi.

Kisha maji ya bwawa, ambayo pampu iliyavuta kutoka kisima kile kile, yakaanza kupungua wakati wa kiangazi. Kapteni akasema Ijumaa moja, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kiti, "Ukiwaacha waingie, hutawatoa tena. Na zile kelele za alfajiri unazivumiliaje?" Wiki ile ile mafundi walikuja wakapandisha ukuta, wakaweka geti la chuma, na juu yake kufuli.

Hapo ndipo ilipofika ile siku. Bi Zuwena alikuja na ndoo yake, nyuma yake wanawake wengine wamesimama. Bwana Maji akatoka amevaa kaptula. Bi Zuwena akamsalimia vizuri, kisha akauliza, "Bwana, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama. Ila hapa ni kwangu."

"Kukaa hatukukukataza. Lakini kisima hiki bibi yangu alikisafisha kwa mikono yake. Tuteke wapi?"

Nilitegemea Bwana Maji atacheka, achomoe ufunguo. Badala yake akapandisha sauti. "Mimi nimewafanyia watu wa bara hili kazi maisha yangu yote! Nimechimba visima mpaka mgongo umeharibika. Sasa nimestaafu. Nimemaliza zamu yangu. Naomba nipumzike."

Bi Zuwena akahamishia ndoo yake mkono wa pili. Akasema, "Kazi umemaliza, bwana. Ujirani ndio kwanza unaanza."

Akageuka. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. Nilitoka nikamwambia, "Bwana Maji, Lukole ulitufundisha mwenye ndoo haulizwi anatoka wapi. Huyu unajua anatoka wapi, nyumba yake unaiona kutoka dirishani. Leo imekuwaje?"

Alinijibu bila kunitazama. "Wewe ni mpishi. Nenda kapike."

Nilienda kupika, mwanangu, maana karo zenu zilikuwa pale jikoni. Lakini kila jioni baada ya kazi nilipitia kwa Bi Zuwena, nikachukua ndoo zake mbili na kumtekea kisima cha mbali, chenye maji ya chumvi. Bwana Maji aliniona nikipita. Mimi sikujificha.

Haukupita muda, Mama Lena akaugua moyo. Aliugua kwa siku chache tu, akafariki hospitali. Mwili ulisafirishwa kwao kwa watoto wake, na Bwana Maji, ambaye daktari alimkataza kupanda ndege, akabaki. Ijumaa wale wastaafu walikuja. Walimpiga piga begani, wakakaa kama nusu saa, wakaangalia saa zao. Kapteni alikuwa na miadi ya kurekebisha boti.

Mchana wa siku ile ile wakaja watu wa kijiji. Wote, mwanangu. Wanaume wamevaa kanzu, wanawake na kanga zao, Bi Zuwena mbele na birika la kahawa. Walikuja kumpa mkono wa pole. Wakalikuta geti limefungwa. Mlinzi akasema wale wageni walipotoka aliambiwa asifungue tena, na ufunguo hana. Wakasimama juani. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu, wanawake walionyimwa maji, wakimngoja aliyewanyima ili walie naye.

Nilimwendea Bwana Maji. Alikuwa ameketi sebuleni amepakata sweta ambalo halijaisha. Nikamwomba ufunguo. Akatikisa kichwa. "Sitaki wanione hivi," akasema.

Nilichukua shoka la kuni nikatoka. Mlinzi alisogea pembeni mwenyewe. Nilipiga kufuli lile kwa kisogo cha shoka mpaka likakatika, na kila pigo nilisema neno ambalo sitalirudia mbele yako. Watu wakaingia. Bi Zuwena alikwenda moja kwa moja akaketi sakafuni karibu na kiti cha yule mzee. Bwana Maji alimtazama, uso ukamkunjamana, akalia kama mtoto, kilio ambacho wale wa Ijumaa hawakukisikia. Siku zote za msiba wanawake wale walipika kwenye jiko langu, wakaosha vyombo, wakamlazimisha ale. Wakati huo walichota kisimani bila kuulizwa na mtu.

Ungefikiri hadithi imeishia hapo, eti? Na mimi nilifikiri hivyo.

Msiba ulipokwisha, fundi alikuja na kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Nilidhani amekosea nyumba. Nikamfuata Bwana Maji barazani. "Bwana, watu waliokufuta machozi, unawafungia tena maji?"

Akanijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. "Nawashukuru sana kwa msiba. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti."

Mambo mawili tofauti! Mwanangu, nimesikia matusi mengi maishani mwangu, sijasikia lililoniudhi kama hilo. Kwamba machozi ya jirani unayachukua, kahawa yake unakunywa, halafu ukishapata nafuu unamwonyesha ukuta. Nilivua aproni nikaiweka juu ya meza, mbele ya chupa yake. Nikamwambia, "Nilikufuata kutoka Lukole kwa sababu ulikuwa mtu. Mimi narudi kwetu." Jioni ile nilimuaga Bi Zuwena. Nilikuwa nikimlaani yule mzee kwa sauti, naye akaniwekea mkono mdomoni. "Usimlaani," akasema. "Sisi tutamnyima kitu kimoja tu."

Nilikuja kujua ni kitu gani. Walimnyima salamu. Hawakumtukana, hawakumwibia hata nazi. Muuza duka alimuuzia sukari bila neno. Watoto waliokuwa wakimkimbilia njiani waliendelea na mchezo wao. Wazee barazani waliinamia bao lao akipita. Ninyi vijana mnaweza kuona hilo ni jambo dogo. Ishi nalo mwezi mmoja, ndipo uje uniambie.

Siku moja nikiwa shambani simu ikalia. Ni yeye. "Hakuna anayenisalimia," akaniambia. Hakuanza hata na hujambo.

"Fungua kisima," nikamjibu.

Akakata simu.

Baada ya muda Bi Zuwena alinipigia kwa simu ya binti yake. Geti liko wazi, akasema. Bwana Maji alilifungua mwenyewe alfajiri moja, akaweka na kamba mpya na ndoo, akarudi ndani. Nilifurahi, nikamuuliza sasa anaendeleaje, anakaa nao? Bi Zuwena akashusha pumzi. "Tunamsalimia, anaitikia kupitia pazia. Tunamwita kahawani, haji. Ameshazoea kujifungia, mwanangu. Maji tumeyapata. Yeye ndiye hatujampata."

Sasa unielewe vizuri. Sisemi Wazungu peke yao. Tunao wetu, wamestaafu na suti zao, wamerudi vijijini kwetu wakazungushia seng'enge njia ambazo mama zao walipitia na mitungi kichwani, na ukiwauliza wanasema wametumikia taifa, sasa wapumzike. Wamelitumikia taifa, jirani wanamfukuza! Mimi hilo nalikataa, na nitalikataa mpaka mnizike.

Pumzika, mwanangu, utakapofika wakati wako. Mwili huchoka, na hakuna ubaya kuketi barazani ukatazama maji. Lakini usistaafu utu. Wema unaoufanya ukiwa kazini hulipwa mshahara. Ule wa baada ya hapo ndio utakaoonyesha kama ulikuwa wako. Popote utakapojenga, iwe hapa Ngara au kisiwani, kabla ya kupandisha ukuta uliza nani alikuwa akipita hapo. Jua jina la anayekufulia nguo. Amkia waliokuzidi umri, hata kama nyumba yako imezidi yao. Na mtu akija kulia nawe, usimsahau machozi yakikauka.

Mungu akujalie kazi yenye heshima, na uzee wenye mlango unaogongwa. Akupe majirani wa kukugombeza ukikosea, na masikio ya kuwasikia. Na siku utakapochoka kabisa, wawepo watu wa kukuita nje, nawe uwe na moyo wa kutoka. Amina.