Nzi wa Buchani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, jani la kwanza lilijifunga juu ya nzi niliyemleta kutoka bucha la pale Nakivale, kambini kwetu wakimbizi. Meno ya ukingoni yalipishana, na nzi akasikika akivuma ndani. Nilimwita mke wangu aje aone.

Mmea huo unaokula wadudu haukuwa wangu. Hajati mmoja wa Mbarara, muuza vitambaa niliyekuwa nikimtengenezea cherehani, aliletewa na mwanawe kutoka ng'ambo. Sasa alikuwa anakwenda kumtembelea huyo mwanawe, na nyumba yake ya Kakiika ingefungwa.

"Wewe Mkongo unapenda kusoma," aliniambia. "Ukinirudishia huu mzima, ada ya binti yako ya muhula ujao ni juu yangu."

Binti yetu alikuwa amefaulu kuingia sekondari. Njia nyingine ya kumlipia sikuwa nayo.

Hajati aliniagiza mambo mawili: maji ya mvua tu, na wadudu walio hai. Sababu niliigundua kwa kutazama. Nzi aliyekufa halishtui jani; lazima atembee, aguse vinyweleo vya ndani. Akiwa mkubwa mno, jani huoza. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama buchani, nikimfunika nzi mdogo kwa glasi na kupitisha kipande cha boksi chini yake.

"Muzee," mwenye bucha alinitania mbele ya wateja, "watu hapa wanangoja posho, na wewe unalisha majani nyama? Siku yakitaka maini utaniambia!"

Ikaja wiki ya mvua. Nzi walitoweka, nami nikawa narudi na glasi tupu. Mke wangu aliniona nimekaa mbele ya kopo la mmea.

Siku chache baadaye majani yalianza kuwa meusi kutoka shinani. Nilichimbua udongo kidogo kwa kijiko, nikanusa.

"Papa, ilikuwa na njala," mke wangu alisema. "Nikaiwekea mbolea ya ng'ombe, ile ya kule Endiinzi. Kidogo tu, mingi hapana."

Sikuweza kumgombeza. Kwetu Kivu Kusini, mmea ukinyong'onyea hupewa samadi; huu wa Hajati, samadi huunguza mizizi yake. Ningekuwa sijui, ningefanya vilevile. Nilisuuza mizizi kwa maji ya mvua, nikabadilisha udongo. Jua liliporudi nikaleta nzi. Alitembea juu ya jani lililobaki, akapita kwenye vinyweleo vyote, akasugua miguu yake, akaruka. Nikaleta mwingine. Jani halikusogea.

Hajati aliporudi nilimpelekea kopo hivyo hivyo.

"Umekufa na njaa?"

"Hapana, Hajati. Umekufa na mbolea."

Alicheka kidogo, kisha akaniangalia usoni, akaacha. "Pole," alisema. Habari ya ada hakuitaja, nami sikuuliza.

Muhula ulipofunguliwa, binti yetu alikwenda na mama yake kupalilia maharage. Ada ilikuwa shilingi laki moja na themanini elfu.