Mkalimani wa Kamenu na Kundi la Watu Mia Mbili

Kwa miaka ishirini na tisa Nzioki alikuwa mkalimani mahakamani. Shahidi akisema kwa Kikamba, yeye alimweleza hakimu kwa Kiswahili. Hakimu akitoa hukumu, yeye ndiye aliyemfikishia mshtakiwa. Maneno mengi yalipita mdomoni mwake na karibu yote yalikuwa ya watu wengine. Alipostaafu na kutulia nyumbani kwake Kamenu, mkewe Kavata alichoka kumwona akizunguka uani bila kazi, akamwambia atafute watu wa kuongea nao hata kwa simu. Ndipo alipofungua kundi la WhatsApp la kuzungumzia mambo ya dunia. Kabla ya mwaka kuisha lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wa Thika na Ruiru. Wengine hakuwajua hata kwa sura. Yeyote aliyeomba kuingia, alimwingiza.

Humo walibishana juu ya vita vya nchi za mbali na wanajeshi waliopindua serikali zao. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Githae, muuza vyakula vya mifugo wa Mugutha, aliyependa kurekodi sauti kuliko kuandika.

"Hii nchi inataka mtu mmoja wa kuinyoosha," Githae alizoea kusema kwa ile sauti yake nzito. "Korti ni za kupotezea watu wakati. Mwizi anashikwa leo, kesho ako nje."

Nzioki alimjibu kwa aya ndefu zenye nukta na mkato mahali pake. "Na huyo mtu mmoja akikukosea wewe, utamshtaki wapi?" Mara kwa mara walikutana mjini Thika, wakanywa chai, wakabishana tena na kuagana vizuri. Kwa namna yao walikuwa marafiki.

Githae ndiye aliyemleta kundini binti yake Gathoni, msichana wa miaka ishirini na tano aliyefanya kazi kwenye duka la kompyuta huko Kiuu, akitumaini binti huyo angemsaidia kumshinda Nzioki. Gathoni alimgeuka. Jumanne moja aliandika: "Baba, nchini kwa huyo mwanajeshi unayemsifu watu wanachukuliwa na hawaonekani. Hapa kwetu pia wanachukuliwa. Tofauti ni gani?" Chini yake akaweka majina ya vijana saba waliopotea tangu yale maandamano ya kuipinga serikali, akauliza nani alitoa amri. Nzioki alimpigia makofi ya kwenye simu.

Alhamisi saa sita mchana, wanaume wanne walishuka kwenye gari lisilo na namba, wakamtoa Gathoni pale dukani na kuondoka naye. Wateja waliona. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Nzioki," Githae alisema kwa simu, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Wewe unajua mambo ya korti. Nisaidie."

Walizunguka vituo vitatu vya polisi. Kila mahali askari alifungua kitabu cha matukio, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Jumatatu wakili mmoja aliyeitwa Idah aliwapelekea ombi mahakamani, na jaji akaamuru Gathoni aletwe mbele yake Jumatano. Jumatano hakuletwa. Upande wa serikali ulisema hauna mtu kama huyo. Jaji akarudia amri yake, safari hii kwa maneno makali zaidi.

Githae, akiwa ndani ya suti yake ya kanisani, alimwinamia Nzioki. "Si jaji ameamuru?"

"Ameamuru."

"Sasa?"

Nzioki alitazama mbele. Alikuwa amekaa katika vyumba kama kile nusu ya maisha yake.

Kundini watu walinyamaza. Mmoja tu, asiye na jina wala picha, aliandika kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa, sheria ifuate mkondo wake. Nzioki alijua maneno hayo. Yeye mwenyewe alikuwa akiyaandika kila wiki.

Asubuhi ya siku ya kumi na saba Gathoni aliachwa kando ya barabara, ng'ambo ya Thika, karibu na mashamba ya mananasi. Mama mmoja muuza matunda alimwazima simu. Hakushtakiwa kwa lolote, wala hakuelezwa lolote.

Nzioki na Kavata walikwenda Mugutha kumwona. Walimkuta ameketi juani na sweta zito, amekonda. Kavata akakaa karibu naye, akamshika mkono. Gathoni akasema, "Anko, walikuwa na karatasi. Kila kitu nilichoandika kwa ile group. Hata yako. Hata sauti ya Baba, walinichezea."

"Group yetu hii?"

"Sikuandika mahali pengine."

Githae akasema polepole, "Mimi ndiye nilimwingiza."

"Na mimi niliwaingiza hao wengine," Nzioki akasema.

Kwa siku kadhaa alipitia yale majina mia mbili na zaidi: mzee wa kanisa, Mwas fundi wa pikipiki, walimu, namba tupu zisizo na jina. Mwas alipomsalimia njiani, Nzioki alipita bila kuitika, kisha akaona haya.

Idah alitaka Gathoni aape kiapo cha maandishi kuhusu yaliyompata. Gathoni alikataa. "Nikisaini, watajua bado naongea." Jaji akafunga ombi lile, kwa kuwa aliyetafutwa amepatikana. Nzioki alisoma uamuzi ule mstari kwa mstari na hakuona kosa la kisheria ndani yake. Hilo lilimuumiza kuliko kama angeliona.

Githae alitoka kundini bila kuaga. Siku hizi Nzioki humpigia simu Jumapili, nao huulizana habari za mvua na za kuku. Juzi, wakiwa katikati ya mazungumzo, Nzioki alimsikia Gathoni akiuliza, "Baba, ni nani huyo?" Alipoambiwa, akafunga mlango. Githae akashusha sauti, ingawa walikuwa wakizungumza juu ya chakula cha vifaranga tu.