Alama za Kichwa cha Mama Giza

Walimwita Mama Giza, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Lilitoka mdomoni mwa msimamizi wa karakana siku alipoambiwa kwamba mshona matundu ya vifungo hakuja kazini kwa sababu amelala chumbani, pazia limeshushwa, kitambaa machoni, hataki taa wala sauti ya mtu. "Basi huyo ni Mama Giza," akasema, akajichekea mwenyewe. Kesho yake karakana nzima ilikuwa imelidaka.

Msimamizi naye alikuwa na lake, ila hilo aliitwa nalo akiwa amegeuza mgongo. Walimwita Tepu, kwa ajili ya futi ya kitambaa iliyoning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, na ambayo hakuna aliyewahi kumwona akipimia hata kitambaa cha kufutia pua. Usoni alikuwa bosi. Mgongoni alikuwa Tepu.

Ilikuwa karakana ya kushona sare za shule. Vyerehani ishirini na viwili, mistari miwili, na mbele kabisa cherehani kimoja tu cha matundu ya vifungo. Hapo ndipo alipokaa Mama Giza. Shati moja matundu saba, na matundu yake yalikuwa yamenyooka kama yamepigwa mstari. Tepu alilijua hilo. Ndiyo maana alimchukia kwa uangalifu, kama mtu anayemchukia punda ambaye bado ana mzigo mgongoni.

Kazi ya Tepu ilikuwa moja: kutoa alama. Kila fungu la mashati lilipokamilika alilipindua ndani nje, akavuta uzi huku, akabetua midomo kule, kisha akaandika namba kwa chaki. Kumi, safi, lipite. Tano, rekebisha. Sifuri, fumua lote uanze upya. Sifuri ilimtoa mtu machozi. Na kwa kuwa mtu akishinda mahali miaka sita husema kama wasemavyo hapo, alama hizo zikawaingia wanawake wale midomoni.

"Shoga, chai ya leo ngapi?"

"Sita. Majani wamepunja."

"Na mumeo?"

"Nne. Na hizo nne nimemwonea huruma."

Mama Giza alicheka nao siku za kucheka. Siku nyingine, ghafla tu, akiwa anatazama shati, kifungo kimoja kingepotea. Si kudondoka, kingepotea machoni. Mahali pake pangekuja kimstari kinachometameta, chenye meno kama msumeno, kikawa kinatambaa polepole kuelekea ukingoni mwa jicho. Hapo alijua ana nusu saa. Baada ya nusu saa upande wa kushoto wa kichwa ungeanza kugonga, tumbo lingepanda kooni, na sindano za vyerehani ishirini na viwili zingekuwa zinamshona yeye.

Washauri hawakukosekana. Kunywa maji. Punguza mawazo. Mumeo anakufanyia nini? Na wale wabaya kuliko wote: "Mbona hata mimi kichwa huniuma, lakini naja." Hao aliwatazama kama mama aliyetoka kujifungua anavyomtazama mtu aliyejikwaa kidole, anayesema naye anajua uchungu.

Alipokosa kazini mara ya tatu katika wiki sita, Tepu alimsubiri mlangoni. Alimpandisha kwa macho, akamshusha.

"Mama Giza. Kumepambazuka?"

"Shikamoo, bosi."

"Achana na shikamoo. Nakupa mwezi mmoja. Ulete barua ya hospitali inayosema una ugonjwa, ugonjwa wenye jina. Usipoileta, hicho kiti nampa mtu mwenye kichwa kizima."

"Kichwa ni kichwa, bosi. Hakionekani kwa nje."

"Ndiyo maana wavivu wanakipenda," akajibu, akaenda zake na futi yake.

Kiti hicho ndicho kilichomsomesha mdogo wake, ndicho kilichomfanya asimame sawa na mume wake, fundi wa majokofu, kwenye kila neno la nyumba ile. Hakuwa tayari kukiacha kwa mtu mwenye futi.

Akaenda kliniki. Ukutani palikuwa pamebandikwa karatasi: kuna utafiti wa maumivu ya kichwa, wagonjwa wanaandikishwa. Mtafiti alikuwa kijana mwenye koti jeupe na kalamu nne mfukoni, zote za rangi tofauti. Alisema mambo mazuri sana akiwa anaitazama kompyuta. Alisema kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, si uvivu wala kudeka. Alisema huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwamba wengi wanaougua huishi nao bila tiba, kwa kuwa hakuna aliyewaamini. Mama Giza alimsikiliza. Miaka tisa, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyevaa koti kumwambia hivyo. Angependa tu kama angemwambia yeye badala ya kompyuta.

Kijana akamsukumia kidaftari. "Kila siku unaandika hapa kichwa ni ngapi, sifuri mpaka kumi. Hapa unatia tiki ukimeza dawa, na hapa kama umeshinda kazini. Baada ya siku thelathini unarudi, nakuandikia barua. Umeelewa?"

Kichwa ni ngapi? Nani asingeelewa? Hilo ndilo swali analoulizwa kila siku ya Mungu.

Mwezi ule aliandika kwa uaminifu kama mtoto wa shule. Tarehe nane kichwa kilikuwa chepesi, akamaliza mashati mia na arobaini, akaandika kumi. Tarehe kumi na mbili kile kimsumeno kilimkuta kazini, akatapikia ndoo ya vipande vya kitambaa, akapelekwa nyumbani ameshikwa mabega. Jioni, jicho moja limefumbwa, akaandika sifuri.

Bintiye wa miaka minne aliingia chumbani kwa ncha za vidole.

"Mama, kichwa kimeamka?" alinong'ona.

"Kimeamka, mwanangu."

"Nikibembeleze kilale?"

Akaweka kiganja chake, chenye ubaridi wa maji ya ndoo, juu ya jicho la mama yake, akatulia kimya muda mrefu kuliko watu wazima wote waliowahi kumshauri.

Siku thelathini zikaisha. Mtafiti akapitisha kalamu ya kijani kwenye kidaftari, akaingiza namba kwenye kompyuta, akainua nyusi. Hakuuliza kitu. Akaandika barua, akaambatanisha nakala ya kidaftari, akapiga muhuri, akafunga bahasha. "Mpe mwajiri wako," akasema. "Anayefuata!"

Mama Giza aliibeba bahasha ile kifuani kama anabeba kitoto kichanga. Akamkabidhi Tepu mbele ya watu, kwa makusudi. Alitaka wasikie.

Tepu akaichana, akasoma kimya, na midomo yake ikaanza kunyooka kwenda masikioni.

"Jamani, zimeni vyerehani kidogo. Kuna habari." Akakohoa. "'Mgonjwa huyu huumwa kwa kiwango cha juu siku anazofanya kazi. Siku anazokaa nyumbani haumwi kabisa. Dalili hizi hazilingani na kipandauso.'" Akashusha karatasi. "Haumwi kabisa! Kabisa, jamani! Ugonjwa tumeupata jina. Unaitwa kazi."

Wapo waliocheka. Wengine walicheka kwa sababu yeye ndiye anayetoa alama. Mama Giza alisimama pale, masikio yamejaa moto. Kwa kitambo kidogo hata yeye alijishuku. Labda ni kweli. Labda ni mvivu ambaye hajijui.

"Na namba hizi hapa, kaziandika kwa mkono wake," Tepu aliendelea, utamu umemkolea. "Tarehe nane, kumi! Tarehe tisa, kumi! Tarehe kumi na mbili, sifuri, yuko kwake kajilaza, raha mustarehe!"

"Bosi, hebu rudia hiyo," akasema fundi wa kola, mwanamke mnene aliyekaa nyuma ya Mama Giza na asiyependa kusema ovyo. "Tarehe kumi na mbili ngapi?"

"Sifuri."

"Si ndiyo siku aliyotapikia ndoo ya vipande, ukakimbia umeshika pua?"

Vichwa vikageuka kumtazama Tepu.

"Na tarehe nane," fundi wa kola akasema, "si siku aliyotoa mashati mia na arobaini, ukayapa kumi wewe mwenyewe?"

Mama Giza akamnyang'anya Tepu karatasi. Akaitazama. Kicheko kikamtoka, kikavu, kisicho na furaha.

"Sifuri yangu ni sifuri yako, bosi. Sifuri ni kufumua. Siku ile kichwa changu kilikuwa cha kufumuliwa chote. Nimekipa alama kama unavyotufundisha humu miaka sita."

Tepu alielewa. Kila mtu aliona kwamba ameelewa, maana alishika futi yake kwa mikono miwili. Lakini mtu wa namna ile akishacheka mbele ya watu hawezi kukirudisha kicheko mfukoni.

"Mimi nasoma kilichoandikwa," akasema. "Barua ina muhuri. Kesho saa nne kiti nampa mtu mwingine."

Mama Giza akasonya. Hakumsonyea Tepu peke yake. Alijisonyea na yeye, kwa kule kujishuku. Akachukua mkoba, akaenda kliniki mchana uleule.

Mtafiti alikuwa anakula ndizi mbele ya kompyuta.

"Daktari, sifuri kwako ni nini?"

"Hakuna maumivu. Si iko wazi, mama?"

"Wazi kwa nani? Nisomee juu ya safu hii pameandikwa nini."

Kijana akasoma. "Kichwa, sifuri hadi kumi."

"Basi. Umeniuliza kichwa, nimekupa alama za kichwa. Kwetu washonaji, kumi ni safi na sifuri ni mbovu. Maumivu umeyaandika wapi kwenye karatasi yako?"

Kijana akatazama safu. Akageuza daftari, kana kwamba maumivu yameandikwa nyuma. Hayakuwapo. Ndizi akaiweka chini.

"Uliandikisha wangapi kutoka karakana za kushona?" Mama Giza akauliza.

"Kumi na tisa," akajibu kwa sauti ndogo. Na pale kwenye kompyuta palikuwa na mchoro wa nguzo za rangi rangi, mzuri ajabu, wenye maneno makubwa juu yake: Washonaji huumwa kichwa wakiwa kazini tu. Alikuwa ameuandaa kwenda kuuonyesha kwa wakubwa.

"Ndiyo hiyo elimu?" Mama Giza alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nimeishia la saba, lakini nikipewa shati la mtu namuuliza kwanza vifungo anataka upande gani. Wewe umeshona watu kumi na tisa ndani nje, na hukumuuliza hata mmoja."

Sista mzee aliyekuwa anapima watu presha pembeni hakuinua macho. "Nilimwambia awasomee wagonjwa maswali," akasema. "Akaniambia utafiti hauna muda."

Kijana alinywea. Lakini, na kwa hili Mama Giza alimpa alama, hakubisha. Alivuta kiti, na kwa mara ya kwanza aliiacha kompyuta akamgeukia yeye. Akauliza. Upande gani? Kinagonga au kinabana? Unaona nini kabla? Mwanga unakusumbua? Unatapika? Kila jibu likaingia mahali pake. Siku kumi na moja za kipandauso katika mwezi. Kisha akakuta tiki za dawa, akahesabu, akakunja uso.

"Umemeza za maumivu siku ishirini, mama. Zikizidi hivi, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Tutazipunguza. Nitamwita daktari mkubwa akuangalie, naona atakuanzishia za kuzuia, unameza kila siku hata kikiwa kizima. Ni dawa ya siku nyingi, ya presha. Ikaja kuonekana inawasaidia na wenye kipandauso."

"Siku nyingi kiasi gani?"

"Miaka mingi. Kabla sijazaliwa."

Mama Giza alipiga hesabu. Miaka tisa ya kitambaa machoni, na dawa ilikuwa kabatini wakati huyu hajazaliwa. "Utafiti mnao," akasema. "Wa kutuambia ndiye hamna."

Daktari mkubwa alikuja, akampima presha, akamsikiliza kifua, akakubali. Barua mpya ilitoka jioni ile, ina sahihi mbili.

Kesho yake, saa nne kasoro, aliingia karakanani. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa msichana mgeni, mikono mapajani, haya zimemjaa. Tepu akanyoosha mkono aichukue bahasha. Akaanza kusoma kimyakimya.

"Hapana, bosi," Mama Giza akasema. "Ya jana uliisoma kwa sauti."

"Sauti!" fundi wa kola akapaza, na kanyagio za vyerehani zikatulia mstari hadi mstari.

Basi akasoma. Alisoma kama mtu anayemeza mwiba wa samaki. Kwamba barua ya kwanza ilikosewa na kliniki. Kwamba mgonjwa ana kipandauso, neno ambalo lilimkwama mara mbili. Kwamba anaweza kufanya kazi yake, na siku za shambulio apumzishwe bila adhabu. Na mstari wa mwisho: asikae chini ya taa inayopepesa.

Wote wakainua macho. Juu ya cherehani cha matundu mrija wa taa ulikuwa unakonyeza, unazima, unakonyeza. Ulikuwa hivyo kwa miezi, na aliyeambiwa aubadilishe alikuwa Tepu.

Msichana mgeni akanyanyuka bila kuambiwa. "Karibu kiti chako, dada," akasema.

"Nenda kwa fundi wa kola, mdogo wangu. Atakupa vipande."

Tepu alivuta stuli, akapanda. Futi ilimning'inia hadi magotini, ikamkwama kwenye pembe ya stuli, ikabidi aivue na kuishika kwa meno. Hakuna aliyesogea kumshikia.

"Polepole, bosi," sauti moja ikasema kutoka nyuma. "Usije ukaumwa kichwa."

Mama Giza hakuinua macho. Alikwisha kuvuta shati la kwanza, akatia uzi, akakanyaga.