Asubuhi Niliyomnyima Papa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naangalia chini. Nilikuwa kijana, karani katika biro, ofisi moja karibu na bandari, hapa Kalemie. Papa yangu, mkulima wa Moba, alikuja kwa boti kutibiwa macho. Asubuhi aliniomba nimsindikize hospitali, kwa kuwa watu aliwaona kama moshi. Nikamjibu kwamba niko na kazi mingi, aende na jirani. Sikudanganya, barua zilikuwa zimerundikana mezani. Ila kwa nini zilirundikana, hilo sikumwambia.

Jirani alimfikisha akamwacha. Munganga wa macho akamwambia arudi na mtu wa kumsomea karatasi zake. Papa akaulizia njia, polepole, mpaka biro yetu, akaketi barazani, chini ya dirisha langu. Mlinzi alitaka kuniita. Papa akakataa, asije akanikatisha kazi.

Na mimi ndani? Nilifungua faili moja, nikaifunga. Nikawasimulia wenzangu mechi ya Jumapili, tukaicheza upya kwa maneno, nikacheka mpaka machozi. Wakati ni ukuta, wanasema wazee. Mimi nilikuwa nimeuegemea.

Saa sita nikatoka na faili kwapani, maana kazi ya mchana nilizoea kuipeleka nyumbani, kisha kumkataza mke wangu asinisumbue. Ndipo nikamkuta Papa. Niliuliza amefika saa ngapi. Mlinzi ndiye aliyejibu: tangu saa tatu.

Papa alisimama, akautafuta mkono wangu.

"Macho yangu njo mabaya, masikio ni mazima," aliniambia kwa upole. "Kazi haikukunyima nafasi, mwanangu. Wewe njo uliinyima kazi, kisha ukatunyima na sisi."

Nikamshika mkono, tukaondoka. Angenipiga ningeona nafuu. Tulipofika hospitali, munganga alikuwa amekwisha ondoka. Tulirudi kesho yake. Jicho moja lilipona, la pili lilikuwa limekufa zamani. Papa hakunilaumu tena. Lakini tangu hapo, kila alipogeuza kichwa kizima ili anione, niliona haya upya.

Sikukatazi kucheka na wenzako, mwanangu. Nani ataishi bila kucheka? Ninachokuomba ni hiki: ukikaa kwenye kitabu au kazini, kaa kweli, uanze na lile gumu unaloliogopa, kichwa kikiwa kipya. Saa yake ikiisha, funga. Rudi kwa watu wako, ule nao, ulale. Mtu anayekesha na kazi kila siku huenda si mwenye bidii. Huenda ni kama mimi, aliyepoteza mchana akaja kuwaibia wa nyumbani jioni. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akujalie kazi inayokwisha kwa wakati wake, chakula kinacholiwa na wengi, na uzee usio na neno la kuficha.