Ua la Nyuma ya Jiko

Juzi nilinunua karanga kwa mama mmoja pale Kolwezi, kando ya barabara ya kwenda Fungurume. Alizifunga kwenye kipande cha gazeti ambacho kilikuwa kimekaa karibu na mbabula yake, jiko lake la makaa, hadi kikapata joto. Niliinusa ile karatasi kabla ya kula hata karanga moja. Wengine wakinusa gazeti lenye joto watakumbuka duka au shule. Mimi nakumbuka maua yanayokauka juu ya makaa, na siku nne nilizoamini kwamba nimeibomoa nyumba yetu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa pembeni ya mji, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Baba alifanya kazi ya reli kule Tenke, tukimwona mwisho wa mwezi. Katika uwanja wetu kulikuwa na chumba kidogo cha kupangisha, na mwaka ule alikaa humo Madame Béa, mtafiti wa mimea kutoka Lubumbashi. Kilima cha shaba kilichokuwa nyuma ya mtaa kilikuwa karibu kufunguliwa na kampuni moja, na yeye alikuwa akikimbizana na mashine, aandike kila mmea uliokuwa juu yake kabla hazijafika. Vilima vyetu vya shaba havina miti mikubwa, kwa sababu udongo wake ni sumu kwa mizizi mingi. Lakini yako maua yanayoupenda udongo huo, na mengine hayaoti popote pengine. Madame aliniambia kwamba kilimani kule ameshapata mimea miwili ambayo haina jina katika kitabu chochote. Nilishangaa, maana mimi nilidhani Adamu aliimaliza kazi ya majina zamani.

Kila alasiri alirudi na mfuko umejaa, akalaza mimea ndani ya magazeti ya zamani, akaibana kwa mbao na mikanda, kisha akaiweka juu ya mbabula yenye makaa machache. Nyumba nzima ilinuka wino, majani na kitu kama mnanaa. Kwa kuwa masista wa shule walikuwa wamenipa mwandiko mzuri kwa fimbo, Madame alinipa kazi ya kuandika vikaratasi vya maelezo, yeye akiviita etiketi. Kila mmea ulikuwa na namba yake katika daftari, na kila namba ilikuwa na etiketi: mmea umetoka wapi, siku gani, udongo wake ni wa namna gani.

"Mumea bila fasi yake," alikuwa akisema, akimaanisha mahali ulipochumwa, "ile ni chakula ya mbuzi tu."

Nikagundua jambo moja. Furaha yake haikuja kwa mmea mgeni peke yake. Wakati mwingine ulikuwa mmea anaoujua kama jirani yake, ila umeonekana mahali ambapo hakuna aliyewahi kuuona. Siku hizo aliimba. Mimi nilitamani sana aimbe kwa ajili yangu.

Basi Ijumaa moja, mvua za mwisho wa msimu zikiwa bado zinanyesha, nilikwenda nyuma ya jiko kumwaga maji ya vyombo. Nikalisogeza pipa bovu lililokuwa pale ili maji yapite, na nyuma yake nikaona ua la shaba. Mtoto gani wa kwetu asiyelijua? Ni mmea mfupi, kichwa chake cha rangi ya zambarau iliyopauka, ukilisugua linanukia. Lilikuwa moja tu, limesimama wima katika uwanja wetu, nje kabisa ya kilima. Nililing'oa na mizizi yake kama nilivyofundishwa, nikalilaza ndani ya gazeti, nikaandika namba katika daftari, nikaandika na etiketi: Nyuma ya jiko la mama, uwanja wa akina Ngoie. Ngoie ndiye mimi. Nikakimbia kwa mama kwa furaha.

Mama alikuwa anatwanga sombe, yaani kisamvu. Nikamwambia tuna ua la shaba nyumbani. Mchi ukabaki juu.

"Wapi?"

"Nyuma ya jiko. Nimeliweka kwa Madame."

"Nani anajua?"

"Ni mi tu."

"Usiseme kwa muntu. Na mujomba yako, yeye zaidi. Umesikia, Ngoie? Fiston asijue."

Lazima niwaeleze hofu yake. Tangu enzi za mababu watu wa kwetu wamelifuata ua hilo wakitafuta shaba; linapoota, chini yake kuna kitu. Wachimbaji vijana walilisoma kama tunavyosoma bango la duka. Na mwaka uliotangulia, katika mtaa wa shangazi yangu, mtu alichimba shimo la choo akakuta jiwe jeusi, zito, lenye kobalti. Kabla mvua hazijarudi watu walikuwa wanachimba ndani ya vyumba vya kulala. Nyumba ya shangazi ilipasuka ukuta, ukawa unaona barabara ukiwa kitandani. Alikuja kwetu na godoro kichwani, akalia wiki moja. Na mjomba Fiston, mdogo wake mama, alikuwa mchimbaji, tena mwenye macho makali. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alisema, akarudi kutwanga, lakini hakuwa anatazama kinu.

Kulitoa lile ua gazetini na kulichoma nisingeweza, kwa sababu namba ilikuwa tayari katika daftari, na Madame angeiuliza. Nikafanya kilichonijia kichwani. Wiki iliyotangulia Madame alikuwa Kasaji, mbali upande wa magharibi, na fungu la mimea ya huko lilikuwa bado linasubiri etiketi. Nikaichana ile yangu ya kweli, nikaandika nyingine kwa mwandiko wangu mzuri: Kasaji, karibu na reli. Nikalichomeka ua langu katikati ya majani ya Kasaji. Usiku huo nilisali vizuri kuliko siku zote.

Jumamosi Madame akalifungua fungu. Akaliinamia ua langu, kisha akaimba. Ua la shaba huko Kasaji! Hakuna aliyewahi kuliandika upande ule. Alijikuna kichwa, akasema hakumbuki kulichuma, labda lilijichanganya na nyasi siku aliyokuwa amechoka.

"Ikiwa kweli, karte yote itabadilika," akasema. "Ni lazima nirudie kule. Lundi asubui natafuta moto."

Karte ni ramani, Lundi maana yake Jumatatu, na moto ni pikipiki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa ndefu hadi Kasaji, tena ya matope. Siku chache kabla, jirani alikuwa ametusimulia pikipiki iliyoteleza kwenye daraja la mbao ikaenda na mto, na mtu wake. Nikaanza kuona kofia ya Madame ikielea. Nikisema ukweli, nyumba inachimbwa. Nikinyamaza, Madame anakufa kwa ajili ya mwandiko wangu. Nilikataa chakula, mama akadhani ni minyoo, akaninywesha dawa chungu.

Jumapili mjomba Fiston akaja kama kawaida, ametoka misa, shati jeupe, mkate mkononi. Alikuwa mtu wa utani, aliniita "sekretere" kwa sababu ya kalamu yangu. Siku hiyo sikucheka. Kabla ya kula alikwenda nyuma ya jiko kunawa, naye kila Jumapili alikawia huko kuliko mtu anayenawa. Nikachungulia. Alikuwa ameinama karibu na pipa, anapapasa ardhi. Aliporudi, kucha zake zilikuwa na udongo.

"Sekretere," akasema, "nani alisogeza ile pipa?"

"Mbuzi."

Hatukuwa na mbuzi. Akanitazama kidogo, kisha akamega mkate wake. Mama alikuwa anapakua bukari, ugali wetu, na mwiko uligonga sufuria mara mbili bila sababu. Nilikuwa na hakika kwamba amejua, na kwamba kesho atarudi na wenzake na sururu.

Asubuhi ya Jumatatu mvua ilikuwa imekatika. Mwenye pikipiki alifika, Madame akavaa kofia, akafunga mkanda wa mfuko. Nilimshika koti. Nikasema yote mbele ya mama, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua: ua ni letu, Kasaji ni uongo, etiketi ya kweli nimeichana. Mama alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kitenge.

Madame akavua kofia. Hakunipiga, hakupaza sauti. Angenipiga ingekuwa nafuu.

"Ningeenda, ningekosa, ningerudi," alisema. "Ile si kitu. Lakini kama singeenda? Mutu mwengine angeamini ile karatasi. Na mwengine angeamini ya ule mutu. Miaka na miaka, Ngoie. Wewe na mi tungekuwa tumekufa, uongo uko muzima."

Kisha akamgeukia mama, akamwuliza kwa heshima anaogopa nini. Mama akamweleza habari ya mtaa wa shangazi. Madame akafikiri, akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: pale nyuma ya jiko watu humwaga nini? Mama akakumbuka. Misimu miwili ya mvua iliyopita, kabla hajamkataza, Fiston alikuwa akioshea pale mawe yake ya shaba, katika beseni, na mifuko yake pia.

Madame akaomba jembe. Mwenye pikipiki akachimba hadi gotini, mimi nimesimama pembeni nahesabu kila pigo. Juu, kina cha kiganja kimoja, udongo ulikuwa na chembe za kijani. Chini yake ulikuwa mwekundu tu, ule wa matofali, wa kila uwanja. Hakuna jiwe, hakuna kitu.

"Ua ilifuata maji ya mujomba yako," Madame akasema. "Haikufuata mulima." Kisha akakunja uso. "Kitu moja sielewi. Hii maua haikae peke yake. Inaota mingi, kama batoto ba masomo. Ingine iko wapi?"

Mama akachukua jembe. Shimo likafukiwa, likakanyagwa hadi likawa sawa. Madame akamwuliza mama kama anaruhusu mahali paandikwe. Mama akapangusa mikono, akasema: "Andika. Lakini andika na mambo ya maji." Nikaandika, mara ya tatu, kwamba ni udongo uliomwagiwa maji ya kuoshea mawe ya shaba, na chini yake ni udongo wa kawaida. Chini kabisa, mahali pa jina la aliyechuma, Madame akaniambia niweke langu.

Leo kilima kile ni shimo. Mmoja wa ile mimea miwili isiyo na jina ulipata jina lake, najua kwa sababu Madame aliniandikia. Mama ameshatutoka.

Na ni mwaka huu tu, nilipokwenda kumtembelea mjomba Fiston kule Fungurume, ndipo nilipomsimulia kisa hiki nikidhani tutacheka. Ni mzee sasa, mapafu yamechoka na vumbi. Hakucheka.

"Mi njo nilileta ile mbegu, mu mifuko yangu," akasema. "Kila siku ya yenga nikitoka misa nilikuwa nakuya kung'oa. Nilikuwa nazika chini ya takataka. Ile moja ilijificha nyuma ya pipa, ikanipita."

"Lakini mjomba, chini hapakuwa na kitu. Wewe ulijua ni maji yako."

"Mi nilijua. Barafiki yangu bangeuliza? Bangechimba kwanza."

Iliniuma, na bado inaniuma. Siku zile zote tulimtazama kama mwizi anayepima dirisha, na udongo wa kucha zake ulikuwa udongo wa kutulinda. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mama. Akasema angemwambia nini, kwamba ameleta balaa uwanjani kwake? Angekosa usingizi bure. Alikohoa, akafuta mdomo, akaniuliza huku anatazama mlango:

"Mama yako, alikuwa ananiogopa?"

"Hapana, mjomba," nikasema. "Hata siku moja."

Ni uongo wangu wa mwisho juu ya ua lile, na huu sitausahihisha.