Niligombana na Mungu kwa Kimakonde

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa surua, msimu wa korosho, kijijini kwetu karibu na Madimba. Alikuwa ameanza kutembea kwa kushikilia ukuta. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini Mtwara, akipakia magunia melini. Alipofika, tulikuwa tunamsubiri yeye tu ili tuzike.

Makaburini katekista wetu alihubiri kwamba Mungu ni kama mwenye bustani. Akipita, huchuma ua zuri kuliko yote.

"Kwa hiyo mama asilie," alisema. "Ashukuru. Tuseme Amina."

Wote wakasema Amina. Mimi nikasema, "Hapana."

Mume wangu akanishika mkono, nikauchomoa. "Kama ni yeye aliyemchukua, simshukuru."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kama kawaida, nikakaa mbele, mahali pangu. Sikuimba. Wenzangu walipopiga magoti, nilibaki nimekaa wima. Nikafanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka katekista akaja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha sala nilipokuwa msichana.

"Mama, unawakwaza waumini," alisema. "Kaa nyumbani kwanza, imani ikikurudia utakuja."

"Mwalimu, nikikaa nyumbani nitamuuliza nani? Ninayetaka anijibu yuko kule."

"Mungu haulizwi hivyo."

"Basi aniambie mwenyewe."

Alipoondoka, mume wangu alisema ninamtia aibu. Nikamjibu kwamba aibu ni kusimama mbele ya Mungu na kumdanganya.

Shambani ndiko nilikosema yote. Nilipalilia muhogo huku namsemesha Mungu kwa sauti, tena kwa Kimakonde, kwa sababu Kiswahili changu cha sala kilikuwa na adabu mno. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye shamba lake lilipakana na letu, siku moja aliacha jembe akanisogelea.

"Shoga, kila siku unagombana na nani?"

"Na Mungu."

"Astaghfirullah!" Akarudi kulima. Baada ya muda akauliza kutoka kule kule, "Na huwa anakujibu?"

"Hajibu."

"Na wewe huchoki?"

"Sichoki."

Jioni ile, nikirudi na mzigo wa kuni, ndipo nilipogundua kwamba miaka yote niliyosali rozari sikuwahi kuzungumza na Mungu kiasi hicho. Nilikuwa na hasira naye, lakini sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ananisikia. Sikumwambia mtu.

Ijumaa Kuu katekista alisoma habari za mateso. Alipofika pale Yesu msalabani anapomlilia Baba yake, anauliza kwa nini ameachwa, nilisimama. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, ila siku ile yaliniingia.

"Mwalimu, alijibiwa?"

Katekista alirudi kwenye ukurasa, akaufuata mstari kwa kidole.

"Pale hakujibiwa," alisema.

"Na alishukuru?"

"Hapana, mama. Alilia."

Nikapiga magoti, kwa mara ya kwanza tangu tulipozika. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimempata mwenzangu.

Miaka hiyo watu wengi walikuwa wanavuka Ruvuma kukimbia vita ya ng'ambo. Familia moja ilipewa kiwanja karibu nasi, na haukupita muda mrefu binti yao akafa kwa homa. Makaburini katekista alifumbua kinywa, akanitazama, akakifumba.

"Mama, tuombee wewe," akasema.

Niliomba kwa Kimakonde, lugha yao na yetu, ili mama wa marehemu aelewe kila neno. "Mungu, uliweza kutuachia huyu mtoto, na hukutuachia. Tumeumia na tumekasirika. Sasa usiondoke. Sisi tutarudi majumbani kwetu. Wewe kaa na mama yake."

Yule mama akalia kwa sauti kubwa, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha. Wazee wawili walinung'unika kwamba sala ile ni ya kukufuru. Katekista akawaambia, "Mwacheni."

Baadaye aliniomba niwaongoze akina mama katika sala. Nilimwambia nitakubali kwa sharti moja: mfiwa asikatazwe kulia, wala asiambiwe habari za maua. Alikuna kichwa, akasema atajaribu.

"Usijaribu, Mwalimu," nikamwambia. "Acha kabisa."